Plastiki Inayokumbuka na Uchovu Wake

Kuna aina ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo ukiisoma umeifuta. Kila seli yake ina utando mwembamba uliobeba ncha mbili za umeme, chanya na hasi. Ncha chanya ikitazama juu, hiyo ni moja. Ikitazama chini, hiyo ni sifuri. Umeme ukikatika mwelekeo haubadiliki, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Taabu huja wakati wa kusoma. Ili kujua ncha zinatazama wapi, sakiti huzisukuma upande mmoja kwa volti, kisha hupima chaji inayotoka. Ikitoka nyingi, ncha zimegeuka. Ikitoka kidogo, zilikuwa upande huo tangu awali. Jibu limepatikana, lakini kilichokuwa kimeandikwa kimepotea, na sakiti hulazimika kukiandika upya papo hapo.

Utando wa namna hii haupati mapumziko. Hugeuzwa unapoandikwa, hugeuzwa unapofutwa, na aghalabu hugeuzwa hata pale mtu anapotaka kuutazama tu. Wanaofanya kazi na vitu hivi, vinavyoitwa feroelektriki, waligundua mapema kwamba kila mgeuzo una gharama yake. Baada ya migeuzo mingi chaji inayotoka hupungua, na mwishowe sakiti hushindwa kutofautisha moja na sifuri. Hali hiyo wanaiita uchovu.

Uchovu wa tando za plastiki una jambo la ziada linaloufanya uvutie: wakati mwingine hupona. Namna unavyopona, au unavyokataa kupona, hufichua chanzo chake kuliko vipimo vya uchovu wenyewe.

Plastiki yenye ncha

Tabia hii haikuanzia kwenye plastiki. Mwaka 1920 Joseph Valasek, aliyekuwa akisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alionyesha kwamba fuwele za chumvi ya Rochelle, iliyojulikana kwa wafamasia tangu karne ya 17 kama dawa ya kuharisha, zinaweza kugeuzwa ncha zake kwa umeme wa nje na zikabaki zilivyogeuzwa. Miaka ya 1940 ikaja kauri ya bariamu titaneti, ngumu na isiyoyeyuka majini, na kwa muda mrefu ikaonekana kwamba feroelektriki ni mambo ya mawe na chumvi.

Mwaka 1969 Mjapani Heiji Kawai alichukua utando wa plastiki iitwayo polivinilidini floraidi, kwa kifupi PVDF, akauvuta ukarefuka, akaupasha moto chini ya uga mkali wa umeme, kisha akauacha upoe bila kuuondoa uga huo. Ulipopoa ulikuwa ukitoa chaji kila unapobanwa au kuvutwa, kwa kiwango ambacho plastiki haikuwahi kuonyesha. Katika muongo uliofuata ikathibitika kwamba ncha zake hugeuzika kama za kauri.

PVDF yenyewe iko kila mahali. Hupakwa juu ya mabati na paneli za maghorofa ili kuzikinga na jua na mvua, hushikanisha unga ndani ya betri za lithiamu, hutengenezewa vichujio vya maji, na mshipi wa kuvulia samaki unaouzwa kwa jina la florokaboni ni PVDF hiyo hiyo. Florini yake hutoka kwenye florspa, madini ambayo Kenya iliyachimba kwa miongo kadhaa huko Kimwarer, katika Bonde la Kerio.

Siri yake iko kwenye molekuli. PVDF ni mnyororo mrefu wa atomi za kaboni: kaboni moja imeshika hidrojeni mbili, inayofuata imeshika florini mbili, na mpangilio huo hujirudia maelfu ya mara. Florini huvuta elektroni kuliko elementi nyingine yoyote, kwa hiyo upande wake huwa hasi na upande wa hidrojeni huwa chanya. Mnyororo ukinyooka, florini zote hukaa upande mmoja na nguvu za ncha zao hujumlishwa. Ukijipinda, kama unavyofanya plastiki inapoachwa ipoe yenyewe, minyororo jirani hutazamana kinyume na ncha zao hufutana. Ndiyo maana Kawai alilazimika kuuvuta utando wake.

Siku hizi maabara nyingi hukwepa kazi hiyo kwa kuingiza katika mnyororo kipande cha pili, trifluoroethilini, chenye florini moja zaidi. Kipande hicho hutanua nafasi kati ya minyororo, nayo hunyooka bila kuvutwa. Plastiki hiyo ya vipande viwili, iitwayo kopolima, ambayo mara nyingi huwa na sehemu 70 za kipande cha kwanza na 30 za cha pili, huyeyushwa katika kiyeyushi, hudondoshwa juu ya kioo au silikoni inayozungushwa kwa kasi, kisha hupashwa moto wa nyuzi 140 hivi za Selsiasi ili fuwele zikue. Kauri nyingi za kumbukumbu hudai nyuzi 600 au zaidi, joto ambalo karatasi ya plastiki haiwezi kulistahimili. Anayetaka kumbukumbu inayochapwa juu ya kitu kinachokunjika hana budi kugeukia polima, yaani plastiki ya minyororo mirefu.

Volti chache, uga mkali

Katika kauri kinachosogea ni ioni ndani ya fuwele, tena kwa umbali ulio mdogo kuliko atomi yenyewe. Katika polima, kipande cha mnyororo lazima kizunguke nusu duara kwenye mhimili wake, katikati ya majirani waliobanana. Kazi hiyo hudai uga wa takriban volti milioni 50 kwa mita. Hewa ya kawaida hupasuka na kutoa cheche kwenye volti milioni 3 kwa mita.

Namba hizo zinaweza kumtisha mtu adhani panahitajika mitambo ya umeme mkubwa. Kumbe utando wenye unene wa nanomita 100 hupata uga huo kwa volti 5 tu. Mwaka 1998 kundi la watafiti, wakiwamo Stephen Ducharme wa Chuo Kikuu cha Nebraska na Mrusi Vladimir Fridkin, lilionyesha kwamba hata utando wa nanomita 1, yaani tabaka mbili za molekuli, bado hugeuzika.

Wembamba, hata hivyo, hupunguza volti bila kupunguza uga. Elektroni zilizo kwenye metali iliyowekwa juu ya utando husukumwa kuelekea ndani ya plastiki kwa nguvu ile ile, kila mzunguko, na baadhi yake huingia. Sehemu kubwa ya habari ya uchovu inahusu yale yanayozipata elektroni hizo baada ya kuvuka mpaka wa metali na polima.

Uchovu unavyohesabiwa

Kifaa cha majaribio ni rahisi: metali chini, polima katikati, metali juu. Metali hizo mbili ndizo elektrodi. Mashine hugeuza volti huku na huko, na kila baada ya muda husimama kupima chaji. Utando mpya wa kopolima hubaki na mikrokulombu 6 hadi 8 kwa kila sentimita ya mraba baada ya volti kuondolewa. Ukigeuzwa mara 1,000 kwa sekunde, migeuzo milioni moja hutimia kwa dakika 17 hivi, na milioni 100 kwa saa 28. Kwenye grafu mstari hukaa sawa kwanza, kisha huinama. Katika tando nyingi za kawaida kuinama huko huonekana kati ya migeuzo laki moja na milioni kumi.

Kwa kumbukumbu ya kompyuta kiasi hicho ni kidogo. Kauri nazo zilipitia shida hiyo. Kauri yenye risasi, zirkoniamu na titani, ikiwekewa elektrodi za platini, ilichoka baada ya migeuzo milioni kadhaa. Mwaka 1995 Carlos Paz de Araujo, James Scott na wenzao walitangaza katika jarida la Nature kauri nyingine, strontiamu bismuthi tantaleti, iliyovumilia migeuzo trilioni moja juu ya platini ile ile. Polima iko nyuma sana ya kiwango hicho.

Grafu za polima zina jambo linalopingana na matarajio. Utando unaogeuzwa polepole huchoka kwa migeuzo michache zaidi kuliko unaogeuzwa kwa kasi. Kama kuzunguka kwa minyororo kungekuwa ndiko kunakouharibu utando, kasi isingepunguza chochote, kwa kuwa idadi ya mizunguko ni ile ile. Tofauti iliyopo ni muda. Mzunguko wa polepole huuacha utando chini ya uga mkali kwa muda mrefu zaidi, na elektroni nyingi zaidi hupata nafasi ya kuvuka kutoka kwenye metali. Kinachouchosha utando, basi, ni kuumia kwenye mipaka yake kuliko kugeuka kwenyewe.

Elektroni zilizonaswa

Polima hii haikujaa fuwele tupu. Fuwele zake ni vijiti vyembamba vilivyozungukwa na minyororo iliyovurugika isiyo na mpangilio. Mahali vijiti vinapokomea na mvurugiko kuanza, ncha za umeme hubaki bila mwenza wa kuzituliza. Elektroni iliyoingia kutoka kwenye metali ikifika hapo huvutwa na ncha chanya, nayo hutulia hapo imenaswa.

Tazama kinachofuata volti inapogeuzwa. Kipande cha mnyororo kinatakiwa kizunguke, lakini elektroni iliyo pembeni yake inakivuta kibaki kilivyo. Hakitageuka mpaka elektroni iondoke, au mpaka uga uwe mkali kiasi cha kuzishinda nguvu zote mbili. Kipande kimoja hakina madhara. Vikiwa maelfu kwa maelfu, eneo zima la fuwele huganda upande mmoja na kuacha kushiriki katika kuandika na kusoma.

Kuganda huko hakujavunja kitu. Mnyororo ni mzima, florini zipo mahali pake, fuwele ina umbo lake. Kilichoongezeka ni chaji iliyokaa pasipotakiwa, na chaji iliyoingia inaweza kutoka.

Gesi chini ya metali

Kuna uharibifu wa namna ya pili, nao ulionekana wazi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Scientific Reports. Watafiti wakiwamo Paul Blom, Kamal Asadi na Dago de Leeuw, wa Taasisi ya Max Planck ya Utafiti wa Polima huko Mainz, Ujerumani, waliichunguza elektrodi ya juu ya vifaa vilivyochoka, wakakuta imebanduka. Chini yake palikuwa na gesi.

Maelezo yao ni haya. Elektroni zinazoingia kwa nishati kubwa huvunja baadhi ya viungo vya kemikali katika polima, nayo huanza kuoza na kutoa gesi. Florini inapong'oka na kuungana na hidrojeni jirani, huzaliwa hidrojeni floraidi, gesi kali inayokula hata kioo. Metali ya juu haipitishi gesi, kwa hiyo gesi hujikusanya chini yake, na utando wa metali hufura kama chapati juu ya kikaango. Pale metali ilipoinuka haigusi tena polima, na volti haifiki. Polima iliyo chini huenda bado ina uwezo wa kugeuka, ila hakuna wa kuigeuza.

Waliiondolea gesi kizuizi chake ili ipate pa kutokea, na wakarekebisha umbo la mawimbi ya volti. Kifaa kikavuka migeuzo milioni 100 bila kuonyesha uchovu. Kopolima ni ile ile iliyokuwa ikilaumiwa.

Pana kinaya hapa. PVDF imejipatia jina kwa kustahimili asidi, jua na chumvi, na ndiyo sababu hupakwa juu ya maghorofa. Lakini kipande cha hidrojeni na florini zilizokaa jirani ni kiungo ambacho kikipata elektroni yenye nguvu ya kutosha huachia, na kinachobaki kwenye mnyororo ni viungo maradufu vya kaboni visivyo na ncha za awali. Uimara dhidi ya hali ya hewa hauna uhusiano na uimara dhidi ya elektroni.

Kupona kama kipimo

Sasa tuna magonjwa mawili yenye dalili moja. Katika grafu ya kawaida ya uchovu, elektroni zilizonaswa na elektrodi iliyobanduka hutoa mstari ule ule unaoinama. Mtu anayehesabu migeuzo pekee hatajua anashughulika na lipi. Ndipo majaribio ya kupona yanapoonyesha thamani yake.

La kwanza ni kupumzisha. Elektrodi mbili huunganishwa kwa waya, kifaa kikaachwa bila volti, kisha kikapimwa tena. Chaji zilizonaswa kwenye mitego isiyo ya kina hutoka zenyewe taratibu, na sehemu ya uwezo hurudi. La pili ni kuongeza volti kwa muda mfupi: uga mkali zaidi huyang'oa maeneo yaliyoganda na kuyalazimisha kugeuka. Hili lina hatari yake, maana uga ule ule huingiza elektroni zaidi, na ukizidi hutoboa utando.

La tatu, lenye kueleza zaidi, ni joto. Kopolima ya 70 kwa 30 ikipita kidogo nyuzi 100 hufikia nukta ya Curie, ambapo minyororo huanza kujipinda ovyo na ncha hupoteza mwelekeo wa pamoja. Elektroni zilizokuwa zimeshikwa na ncha hizo hupoteza kilichokuwa kinazishika, na joto lenyewe huzipa nishati ya kutoroka. Utando ukipozwa na kugeuzwa upya, kiasi kinachorudi ndicho kipimo cha uchovu uliotokana na chaji. Kisichorudi kinahusu kitu kilichovunjika.

Hapo huongezwa ushahidi mwingine. Hadubini huonyesha malengelenge kwenye metali, yakiwapo. Kipimo cha uwezo wa kifaa kuhifadhi chaji kwa volti ndogo, isiyotosha kugeuza ncha, husaidia pia: elektrodi ikiwa imebanduka, eneo linalogusana limepungua, na uwezo huo hushuka sambamba; elektroni zikiwa zimenaswa tu, haushuki kwa kiasi hicho. Njia ya mkato kabisa ni kuondoa metali ya juu na kuweka mpya. Utando ukirudia nguvu zake baada ya hapo, lawama ilikuwa ya metali na mpaka wake.

Kila uponyaji una bei. Joto linaloachia elektroni hufuta pia kila kilichoandikwa, kwa kuwa ncha zote hupoteza mwelekeo. Kumbukumbu inayotibiwa kwa joto lazima kwanza inakiliwe mahali pengine. Na hakuna joto wala volti inayorudisha florini kwenye mnyororo uliokwisha kuipoteza.

Kinga kabla ya tiba

Kwa kuwa magonjwa yote mawili huanza na elektroni zinazovuka mpaka, kinga nyingi zimeelekezwa hapo. Baadhi ya watafiti wameweka tabaka jembamba la polima inayopitisha umeme kati ya metali na utando, na uchovu ukapungua. Wengine hubadili namna ya kupashia moto ili fuwele zipangike vizuri na mitego ipungue. Wengine hufupisha muda wa kila mpigo wa volti: ncha zikishageuka, volti huondolewa mara moja badala ya kuendelea kuusukuma mpaka bure.

Si kila matumizi yanayohitaji hayo. Kihisi cha PVDF kinachosikiliza sauti chini ya maji hupangwa ncha zake mara moja kiwandani na hakigeuzwi tena maisha yake yote. Uchovu wa aina hii hakiujui. Lebo iliyochapwa na kusomwa mara chache kabla ya bidhaa kuuzwa haina haja na migeuzo milioni 100. Kumbukumbu inayosomwa mara milioni kwa sekunde ingemaliza migeuzo hiyo milioni 100 kwa chini ya dakika mbili, na kwa hiyo bado si kazi ya plastiki.

Kwa hiyo namba moja ya uvumilivu, ikitajwa peke yake, haimwambii mnunuzi wala mtafiti jambo la kutosha. Migeuzo milioni 10 kwa mipigo mifupi na migeuzo milioni 10 kwa mipigo mirefu ni mateso tofauti. Inafaa kuuliza pia volti ilikaa kwa muda gani kila mara, elektrodi ilikuwa ya nini na ilipitisha gesi au la, na zaidi ya yote, utando uliochoka ulipopashwa moto ulirudisha kiasi gani. Ukirudisha karibu chote, tatizo liko kwenye chaji, na sakiti inaweza kubuniwa ijitibu yenyewe kwa ratiba. Usiporudisha, marekebisho ya sakiti ni kupoteza muda. Kazi iliyobaki ni ya mkemia na ya yule anayeweka metali juu ya polima.